Kwa mdomo anajibu vyema, kusoma kunamshinda: nimsaidieje?

SWALI

Habari za kazi, washauri. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Ukimsimulia hadithi jioni, kesho yake anakurudishia yote bila kuacha jina wala tukio, na hesabu za kichwa anawashinda wakubwa zake. Lakini mpe kitabu uone. Mstari mmoja unamtoa jasho, na akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Akiandika, "dada" inakuwa "baba", "ndege" inakuwa "dege", na neno refu analiishia katikati. Kitabu cha darasa la kwanza alikuwa akikisoma bila kusita, kumbe alikuwa amekikariri: nilipomfungulia ukurasa wa katikati akakwama.

Mwalimu wake anasema ni mvivu, anashauri arudie darasa. Shemeji yangu anasema wavulana huchelewa, nisubiri. Jirani ananisihi ninunue miwani ya rangi, na kuna kituo kinachouza mazoezi ya kusawazisha mwili kwa miezi 6, malipo yote mwanzoni. Baba yake mwenyewe mpaka leo husoma kwa taabu. Nimesoma kuhusu disleksia nikaona kama wanamwelezea mwanangu, ila sijui pa kuanzia. Nimwone nani? Shuleni niombe nini? Na nyumbani nifanye nini ambacho hakitamchosha na vitabu zaidi ya hapa? Ameanza kuniambia kwamba yeye ni mjinga.

Mama mwenye wasiwasi

JIBU

Pole sana, mama. Hayo uliyoyaona kwa macho yako mwenyewe yaandike kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu kila mtaalamu utakayemwendea atayahitaji.

Kwa barua hatuwezi kuthibitisha, lakini dalili ulizotaja zinaelekea disleksia. Hili ni tatizo la kusoma na kuandika maneno ambalo mara nyingi chanzo chake ni jinsi ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha. Mtoto anasikia, anaelewa, anazungumza vizuri. Kinachomgomea ni kulichambua neno "meza" kuwa m, e, z, a, kisha kuziunganisha sauti hizo na herufi zake haraka kiasi cha kusoma bila kufikiria kila herufi. Uvivu hauhusiki, akili haihusiki, na hali hii hurithiwa: mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo unakaribia nusu. Kwa hiyo shida ya baba yake itaje mapema utakapokwenda kwenye uchunguzi.

Kiswahili huificha disleksia. Herufi zetu zinalingana na sauti karibu moja kwa moja, hivyo mtoto akisukumwa ataling'amua neno, ila polepole mno. Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza, wakakuta eneo lilelile la ubongo likifanya kazi kwa upungufu kwa wote, ingawa Waitaliano, ambao maandishi yao yako wazi kama yetu, walisoma kwa usahihi zaidi. Ndiyo maana mwalimu anayehesabu makosa tu anaweza kusema mtoto hana tatizo. Kwa msomaji wa Kiswahili, kasi ndogo na imla mbovu ndizo dalili za kufuatilia.

Jambo la kulishika kuliko yote ni hili: usisubiri ripoti ya mtaalamu ndipo mtoto aanze kufundishwa upya. Mwongozo wa utambuzi unaoitwa DSM-5, uliotolewa Marekani mwaka 2013, unataka shida iwe imeendelea kwa angalau miezi 6 licha ya mtoto kupewa msaada unaolenga shida hiyo. Miezi utakayomfundisha sasa haipotei. Anajifunza, na kumbukumbu zake zinakuwa ushahidi.

Wiki hii mpeleke apimwe macho na masikio. Omba waangalie pia uwezo wake wa kuona karibu, umbali wa kitabu, maana vipimo vingi huishia kwenye ubao wa mbali. Masikio yaliyowahi kupata maambukizi mara kwa mara yapimwe kwa mashine, si kwa kumwita jina tu. Vipimo hivi havitafuti disleksia. Vinaondoa sababu nyingine ili usije ukahangaika na herufi wakati mtoto hasikii vizuri sauti kama s na sh. Jiulize pia kama alikosa shule kwa muda mrefu, au kama anafundishwa kusoma kwa lugha asiyoizungumza nyumbani. Mtoto wa hivyo anaweza kufanana kabisa na mwenye disleksia, na msaada wake ni mwingine.

Kisha mpime wewe mwenyewe, dakika 15, mahali patulivu, bila kuuita mtihani. Anza bila maandishi yoyote. Mwambie, "Sema kiti. Sasa sema kiti bila k." Anapaswa kusema "iti". Mwombe ahesabu kwa vidole sauti za "meza" na "samaki". Mtoto wa miaka 9 anayekwama hapa anakuonyesha kwamba shida iko kwenye sauti kabla hata ya herufi. Halafu andika silabi 30 kwenye kadi, uzichanganye. Usifuate mpangilio wa ba, be, bi, bo, bu, kwa sababu watoto wengi huuimba mpangilio huo bila kuziangalia herufi. Mwisho mpe maneno 10 yasiyo na maana, kama zebi, lamepu, goshidi, nyofanda. Neno lisilo na maana halikaririki wala halibahatishiki, kwa hiyo litakuambia kama anasoma kweli. Ongeza kifungu kifupi cha darasa la pili ambacho hajawahi kukiona, asome kwa dakika 1, uhesabu maneno aliyosoma sawasawa. Matokeo yote yaandike na tarehe.

Kwa uchunguzi rasmi, mtafute mwanasaikolojia wa elimu, au mtaalamu wa lugha na usemi aliyesomea matatizo ya kusoma. Mwalimu wa elimu maalumu mwenye mafunzo hayo anaweza kufanya upimaji wa awali na mara nyingi hupatikana kwa urahisi zaidi. Daktari wa kawaida atakusaidia kwa rufaa. Disleksia haitambuliwi kwa kipimo cha damu wala picha ya ubongo. Kabla ya kulipa, uliza vitu viwili: utampima kwa lugha gani, na ripoti itasema afundishwe nini? Apimwe kwa lugha anayoimudu zaidi. Ripoti nzuri hupima uchambuzi wa sauti, usomaji wa maneno halisi na yasiyo na maana, kasi, imla, ufahamu wa maandishi na ufahamu wa kusikiliza, na kasi ya kutaja vitu vinavyofahamika kama rangi au tarakimu. Kisha inasema wazi mtoto aanzie wapi. Ripoti yenye jina la tatizo na alama za akili peke yake haitamfaa mwalimu. Waombe waangalie pia umakini, maana disleksia na tatizo la umakini mara nyingi huenda pamoja, na lisipoonekana hilo la pili, mafunzo ya kusoma huenda kwa kusuasua. Siku ya uchunguzi chukua madaftari yake ya miaka miwili, ripoti za shule, majibu ya macho na masikio, na lile daftari lako.

Sasa ufundishaji wenyewe, ambao ndio tiba iliyopo. Msingi wake ulijengwa Marekani na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita: mtoto anafundishwa uhusiano wa sauti na herufi waziwazi, kwa mpangilio, kutoka rahisi kwenda gumu, bila kuruka hatua, na anaona, anatamka, anasikia na kuandika kwa wakati mmoja. Kwa Kiswahili anza na irabu tano na konsonanti chache zisizofanana, kama m, k, t, l, s. Herufi b na d zisifundishwe wiki moja. Ifundishe b mpaka ikae, pitisha wiki kadhaa, ndipo ilete d. Mwanao huandika "baba" badala ya "dada" kwa sababu herufi hizo zina umbo moja lililogeuzwa na sauti zinazokaribiana, na huenda alizipokea pamoja. Baadaye zije ch, sh na ny, kisha mb, nd, ng na nj, kisha mw, kw na bw, na mwishoni ng', dh, th na gh. "Dege" badala ya "ndege" inaonyesha kwamba haisikii n iliyo mbele ya d. Mfundishe kwa sikio kwanza, atofautishe "goma" na "ngoma", "dege" na "ndege", kabla hujamwonyesha maandishi.

Kipindi kimoja kiwe dakika 30 hadi 40, siku 4 au 5 kwa wiki. Dakika 5 za kwanza ni kadi za herufi na silabi alizokwisha kujifunza. Kisha kazi ya sauti kwa mdomo. Kisha kitu kimoja kipya, kimoja tu. Baada ya hapo anasoma maneno na sentensi zenye herufi alizofundishwa peke yake, halafu imla ya maneno 5 au 6 na sentensi moja. Kwenye imla asikie neno, alirudie kwa sauti, ahesabu sauti zake kwa vidole, aandike huku akitamka, kisha asome alichoandika. Hatua hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo inayomfundisha kuyaona makosa yake mwenyewe. Asiende mbele mpaka apate 9 kati ya 10 kwa siku tatu tofauti.

Maneno marefu yanahitaji somo lake, kwa sababu Kiswahili hupachika mambo mengi kwenye kitenzi kimoja. "Hawatatusaidia" ni ukuta kwa mtoto huyu. Mfundishe kulikata: ha-wa-ta-tu-saidia. Andika kila kipande kwenye kadi, azipange, abadilishe moja (ha-wa-ta-ni-saidia), asome tena. Akishazoea vipande kama ha, wa, ta, li, na, ku, hatavichambua herufi kwa herufi kila vinapotokea, na hatayaacha maneno katikati.

Muda unaotakiwa ni mwingi kuliko wazazi wanavyoambiwa. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, watoto wa miaka 8 hadi 10 wenye shida kubwa ya kusoma walifundishwa mmoja mmoja kwa saa 67.5 ndani ya wiki 8, vipindi 2 vya dakika 50 kwa siku. Usahihi na ufahamu wao ulipanda sana, na baada ya miaka 2 faida hiyo ilikuwa bado ipo, lakini kasi yao iliendelea kuwa nyuma ya wenzao. Nawe tarajia mpangilio huo: usahihi utatangulia, kasi itafuata kwa shida. Saa moja ya ziada kila Jumamosi haitoshi. Kwa kasi, tumia kifungu cha maneno 60 hadi 100 anachokimudu, akisome mara 3 au 4 kwa siku tofauti, mhesabu maneno kwa dakika na kuyachora kwenye chati yake mwenyewe. Ashindane na alama yake ya jana, kamwe si na ndugu yake.

Ukipata mwalimu wa ziada, mwombe akueleze somo la leo litakuwaje. Akisema atamsomesha vitabu vingi zaidi, au atamfundisha kukisia neno kwa kuangalia picha na herufi ya kwanza, mtafute mwingine. Kukisia ndiko mwanao anakokufanya tayari, na ndiko kulikomfikisha kwenye kukariri.

Nyumbani, kama kuna mwalimu wa ziada, zako ziwe dakika 15 za kurudia alichofundishwa, zisizidi. Akikwama kwenye neno, subiri sekunde 5, kisha funika neno kwa kidole na kulifunua silabi moja moja. Neno lililo juu ya uwezo wake mwambie, msonge mbele. Halafu, na hili usiliache hata siku moja, msomee wewe vitabu vya kiwango cha akili yake, si cha usomaji wake. Mtoto anayengoja kujua kusoma ndipo apate maarifa hupungukiwa msamiati mwaka hadi mwaka, na baadaye shida yake inakuwa mbili. Vitabu vya kusikiliza vina kazi hiyohiyo. Simu nyingi sasa husoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo; ijaribu kwanza kwa Kiswahili, kwani ubora wa sauti hutofautiana. African Storybook ina hadithi za bure mtandaoni, za Kiswahili pia, zilizopangwa kwa ngazi. Hazikuandikwa kwa kufuata mpangilio wa herufi tuliouelezea, basi zitumie kumsomea na kwa mazoezi ya kasi, si kwa somo la herufi mpya. Vilevile uliza maktaba au chama cha wasioona kilicho karibu kuhusu Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013. Wengi wanaudhania ni wa wasioona pekee, kumbe unawahusu pia wenye ulemavu wa kusoma, na katika nchi zilizojiunga unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya sauti au vya kidijiti kwa ajili yao. Bookshare ni maktaba ya namna hiyo. Kwa kawaida huhitaji uthibitisho wa mtaalamu, na hapo ndipo ripoti inapokuwa na kazi ya moja kwa moja.

Shuleni, omba kikao na mwalimu wa darasa pamoja na mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma. Usiende kugombana kuhusu lile neno "mvivu". Nenda na kadi zako 30 na matokeo ya kifungu, mwombe mwalimu akae na mtoto dakika 10 ajionee. Kisha omba mambo machache yanayotekelezeka: asiitwe kusoma mbele ya darasa kifungu ambacho hakukiandaa jana yake, maswali ya mtihani asomewe pale somo linalopimwa si kusoma, aruhusiwe kujibu kwa mdomo, aongezewe muda (Uingereza nyongeza ya kawaida ni robo ya muda wa mtihani), asinakili ubao mzima, apewe maandishi, na katika sayansi au maarifa ya jamii alama zitolewe kwa jibu, tahajia isimnyime. Maandishi yake yawe ya ukubwa wa 12 hadi 14, yenye nafasi pana kati ya herufi na mistari. Mlichokubaliana kiandikwe, kila upande ubaki na nakala, na muweke tarehe ya kukutana tena baada ya wiki 6. Makubaliano ya mdomo hufa mwalimu akihamishwa.

Kurudia darasa tunakushauri ukatae kwa heshima. Atafundishwa yaleyale kwa njia ileile iliyomshinda, na rafiki zake atakuwa amewapoteza. Uliza, "Akirudia, nini kitafundishwa tofauti?" Kama jibu lipo, hicho cha tofauti akipate sasa akiwa darasani kwake.

Miwani ya rangi, achana nayo. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani pamoja na vyama vya madaktari wa macho walitoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaounga mkono miwani au vioo vya rangi, wala mazoezi ya macho, kama tiba ya disleksia. Mazoezi ya kusawazisha mwili yana afya yake kwa mtoto yeyote, lakini hayamfundishi kwamba n inatangulia d kwenye "ndege". Kituo kinachodai malipo ya miezi 6 kabla ya kumpima mtoto usikipe hela. Fedha hiyo inunue saa za mwalimu.

Kuhusu lile neno "mjinga", zungumza naye leo, bila kusubiri mtaalamu. Mwambie kwa ufupi kwamba kichwa chake kinashika hadithi na hesabu upesi, ila sauti na herufi kinazishika taratibu, kwamba wapo wengi wa aina hiyo, na kwamba atafundishwa kwa njia nyingine itakayochukua muda. Usimwahidi kwamba itaisha. Mwenye disleksia hujifunza kusoma, na mara nyingi hubaki msomaji wa polepole. Kama baba yake yuko tayari kumwambia, "Hata mimi nasoma kwa shida," maneno hayo yatamfikia mtoto kuliko ya kwetu.

Baada ya wiki 12 rudia vipimo vyote vya mwanzo, kwa silabi na maneno mengine ya ugumu uleule. Usahihi ukipanda na kasi ikabaki palepale, endelea, ila ongeza usomaji wa kurudia. Kama hata silabi zilizochanganywa hazijasogea, usiongeze saa za kitu kilekile. Kwanza hesabu vipindi vilivyofanyika kweli, maana mara nyingi vinakuwa nusu ya vilivyopangwa. Kisha angalia kama mwalimu aliruka hatua, na ikiwa aliruka, rudini pale mtoto alipopata 9 kati ya 10 mara ya mwisho. Ikiwa vipindi vilikamilika na hatua hazikurukwa, mpeleke masikio yapimwe upya na umwone mtaalamu wa lugha na usemi, ukiwa na daftari lenye vipimo vyote viwili.